Kanuni ya Leo

Saa mbili asubuhi, Inspekta alipoingia kituoni, mama mmoja mgeni alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, shati la kiume lililopigwa pasi mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike kwa muda. Koplo wa zamu alimsogelea Inspekta kabla hajavua kofia.

"Amefika wakati kituo kinafagiliwa, Afande. Nimemwambia arudi hotelini apumzike. Akaniuliza kama nimeoa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi nyamaza."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Wenzake walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuamini umbali aliotajiwa mpaka aupime mwenyewe. Alivuta kiti, akaketi mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpelelezi?"

"Ndimi. Nieleze tangu mwanzo, polepole."

Mama alieleza kama mtu aliyezoea kutoa taarifa. Alikuwa mkunga, amestaafu. Mumewe alikuwa fundi saa. Walikuwa wamevuka mpaka siku tano nyuma kusherehekea miaka thelathini na mitano ya ndoa, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari.

"Jana asubuhi tumesimama mbele ya ubao wa ufuoni. Nimeusoma kwa sauti, maana yeye alisahau miwani chumbani. Kanuni sita. Usiogelee bendera nyekundu ikipandishwa. Usiwashe moto. Usitupe taka. Usije na mbwa. Usivunje matumbawe. Usiuze kitu bila kibali. Nimemaliza, nikamwambia, sisi tuko salama, mbwa hatuna. Akaenda kutembea. Nusu saa haijapita, ananipita barabarani kwenye gari la walinzi, mikono iko nyuma."

"Kwa kosa gani?"

"Kuchukua mchanga. Kichupa cha jamu, kile kidogo cha mezani hotelini." Mama alilikunja shati upya ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. "Na aliyekitaka ni mimi. Nilimwambia nataka kumbukumbu ya kuweka juu ya kabati. Yeye hawaambii hilo. Anataka kukubali kosa leo saa nane mahakamani, kwa sababu mkuu wa walinzi wa ufuo amemwambia, ukikubali, jioni mko mpakani. Mwanangu, mume wangu ameshika saa za dhahabu za watu miaka arobaini. Hajawahi kurudisha saa ikiwa na skrubu pungufu. Leo aandikwe mwizi?"

Inspekta alisimama. "Usiondoke hapo, mama."

"Niondoke niende wapi?"

Mkuu wa kituo alikuwa anakunywa chai. Aliposikia kilichomleta Inspekta, alikitua kikombe kwa kishindo.

"Chupa ya jamu, Inspekta? Una kesi saba za maana mezani kwako. Mwache mzee akubali, aende kwao. Mkuu wa walinzi mwenyewe anataka liishe. Amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi."

"Mara mbili? Kwa chupa ya jamu?"

Mkuu wa kituo alikigeuza kikombe mezani. Akatazama simu yake kama ndiyo iliyokosea.

"Una mpaka saa nane," alisema hatimaye. "Saa nane na dakika moja, kesi si yako tena."

Kichupa kilikuwa kwenye chumba cha vielelezo, kimefungwa kwa karatasi yenye namba. Inspekta alivaa glavu, akafungua kifuniko, akanusa. Akamsogezea Koplo.

"Unasikia harufu gani?"

Koplo alivuta pumzi kwa nguvu. "Gereji."

"Dizeli. Ufuoni hakuna gari linaloruhusiwa kupita. Mchanga huu umekanyagwa na mashine, au maji yameuleta kutoka penye mashine."

Fundi saa alikuwa mahabusu, mzee mrefu aliyeketi wima kwenye kona kana kwamba anasubiri kupigwa picha. Alisimama alipomwona mwanamke.

"Nitakubali kosa, binti yangu. Saa ikiwa mbovu kila mahali, fundi mwenye busara haifungui."

"Kabla hujakubali, nisaidie mpangilio tu. Filimbi ililia saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika kumi." Hakufikiri hata kidogo. "Nilitazama saa yangu."

"Ulikuwa umeshachota mchanga?"

"Zamani. Nilichota ukingoni mwa maji, hakuna aliyeniambia kitu. Nikaendelea na matembezi kuelekea ule mwamba mkubwa. Filimbi ikalia. Mlinzi mmoja, mwanamke, akanikimbilia. Akavua kofia, akatoa karatasi ndani yake, akaisoma. Ndipo akaniuliza, mzee, una mchanga?"

Inspekta alirudia polepole. "Filimbi kwanza. Halafu karatasi. Halafu kosa."

"Kwa mpangilio huo."

"Mzee, mtu anayekutafutia kosa baada ya kukukamata hakukukamata kwa kosa. Usikubali chochote mpaka nirudi."

Kambi ya walinzi ilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichotazama bahari. Mkuu wao hakuwepo. Yuko kikaoni, aliambiwa Inspekta na mlinzi wa pekee aliyekuwa zamu, mwanamke mnene kiasi, filimbi shingoni. Walimwita Mama Pacha.

Inspekta aliomba kitabu cha hati za makosa. Alikisoma amesimama, Koplo akichungulia begani kwake. Tangu Jumatatu mpaka jana Alhamisi, wageni kumi na wanne walikuwa wamepewa hati na kunyang'anywa pasipoti. Jumatatu watu watatu, kwa kutembea na viatu ufuoni. Jumanne wanne, kwa kutembea bila viatu. Jumatano watatu, kwa kupiga picha. Jana wanne: fundi saa kwa mchanga, na watu watatu kwa kuimba.

"Kuimba?" Koplo aliuliza.

"Walikuwa wanaimba kwa sauti," alisema Mama Pacha bila kumtazama.

Hati tisa kati ya kumi na nne zilikuwa na sahihi yake. Koplo alimvuta Inspekta mlangoni. "Huyu hapa, Afande. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mfungaji wa kamba ni huyu. Anajitungia sheria asubuhi, anawaonea watu mchana."

Ilionekana hivyo. Inspekta alirudi ndani, akaketi, akamwonyesha Mama Pacha kiti.

"Jumatatu viatu ni kosa. Jumanne miguu mitupu ni kosa. Mgeni atembee na nini, magoti?"

"Mimi nafuata kanuni."

"Ubaoni kuna kanuni sita. Hakuna kiatu humo."

"Kuna kanuni za ubao, na kuna kanuni ya leo."

"Anaitoa nani?"

Mama Pacha aligeukia dirisha. Nje maji yalikuwa yanarudi nyuma taratibu, yakiacha mchanga unaong'aa.

"Vua kofia, dada," alisema Inspekta.

"Afande..."

"Sikuamuru. Nakuomba."

Mama Pacha aliivua. Ndani ya utepe wa kofia mlikuwa na vijikaratasi vitano vilivyokunjwa mara nne. Inspekta alivitandaza mezani kimoja kimoja. Wino mmoja, mwandiko mmoja ulioinama kushoto. *Leo: marufuku viatu. Leo: marufuku kutembea peku. Leo: marufuku picha. Leo: marufuku mchanga, kuimba.* Cha tano kilikuwa kipya. *Leo: marufuku miavuli.*

Kwenye ukuta wa kambi lilining'inia tangazo la zamu, na sahihi ya mkuu wa walinzi chini yake, nayo imeinama kushoto. Koplo alitazama ukutani, akatazama mezani, akakohoa.

"Nimekosea mfungaji wa kamba," alisema.

"Kila asubuhi ananipa kimoja," Mama Pacha alisema, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi. "Ananiambia, simama karibu na mwamba, atakayeukaribia mpulizie filimbi, kisha usome. Nikimaliza nichane. Sikuchana. Mwenzangu aliuliza maswali mwezi uliopita, akafukuzwa kazi kesho yake na ikasemwa ndiye aliyekuwa anazitunga kanuni hizi. Nikasema, mimi nitaviweka. Siku watakayonisukumia, nitakuwa na cha kuonyesha. Nina watoto wawili wa umri mmoja, Afande. Wanaugua siku moja, wanachakaza viatu siku moja."

"Kwa nini mwambani?"

"Sijui. Nyuma ya mwamba kuna kighuba, hakuna kitu. Tumekatazwa kwenda. Kuna nyoka, alisema."

"Nyoka wa baharini au wa ofisini?" aliuliza Koplo.

Inspekta hakucheka. Alichukua karatasi, akachora mstari wa ufuo, akatoka nje na kitabu cha hati mkononi. Kila hati ilitaja mahali. Alizihesabu kwa hatua zake, kutoka kwenye ubao hadi mwambani, akiweka alama. Aliporudi alikuwa na alama kumi na nne, zote zimesongamana kwenye hatua mia mbili za mwisho. Upande wa hoteli, ambako wageni walijaa, hapakuwa na alama hata moja.

"Sheria ni tofauti, mahali ni pamoja," alisema. "Sasa saa."

Alisoma saa ya hati ya kwanza ya kila siku, Koplo akaandika. Jumatatu, saa moja na dakika ishirini. Jumanne, saa mbili na dakika kumi. Jumatano, saa tatu kamili. Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi.

"Labda mapumziko ya chai," Koplo alibahatisha.

"Chai gani inayochelewa dakika hamsini kila siku, bila kukosea?" Inspekta aliinua macho ghafla. Alikuwa anatazama dirishani. Chini ya mwamba, mahali ambapo wakati wanafika palikuwa na maji ya kiunoni, sasa palianza kuonekana mawe meusi. "Mama Pacha, leo maji yatakupwa kabisa saa ngapi?"

Kalenda ya maji ilikuwa nyuma ya mlango. Mama Pacha hakuhitaji kuitazama, lakini aliitazama. "Saa tano kasoro dakika ishirini. Hizi ni siku za bamvua, maji yanatoka mbali kuliko siku zote."

"Siku nyingine mtu anaweza kuzunguka mwamba kwa miguu?"

"Hawezi. Maji yanafika shingoni. Ni siku hizi tu."

Koplo alihesabu kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu.

"Hakuna anayezuia viatu wala nyimbo," alisema Inspekta. "Anazuia macho. Mchanga ukikauka, mgeni anaweza kuzunguka mwamba, na mashine nayo inaweza kushuka kighubani. Vyote kwa saa moja. Ndiyo maana kanuni inahitajika saa hiyo, na ndiyo maana inabadilika kila siku, wageni wagombane na kanuni, wasiulize habari za mwamba." Alimgeukia Mama Pacha. "Na ile filimbi si ya wageni. Kuna mtu nyuma ya mwamba anayeisikia. Ikilia, anajificha."

Mama Pacha aliishika filimbi kana kwamba imepata moto.

Saa nne ilikuwa imepita. Inspekta alimtuma Koplo na gari azunguke kwa barabara ya nyuma, penye ghala la zamani la chumvi, atafute njia yoyote inayoshuka kighubani. Kisha akampigia simu askari wa mapokezi, amlete yule mama mkunga na mwavuli wowote utakaopatikana kituoni.

"Mimi sitakuamuru kitu," alimwambia Mama Pacha kabla ya kutoka. "Utakuwa umesimama pale uliposimama siku zote. Nitapita mbele yako na mwavuli. Ukipuliza, nitakuta mchanga mtupu, na saa nane yule mzee ataandikwa mwizi. Usipopuliza, pengine kesho huna kazi. Mwenye kuamua ni wewe."

Mama Pacha aliivaa kofia yake, akaishusha machoni.

Saa tano kasoro dakika ishirini na tano, wanawake wawili walikuwa wanatembea ufuoni kuelekea mwambani. Inspekta alikuwa amevaa gauni alilokopeshwa na mfanyakazi wa hoteli, refu kwake kwa kiganja kizima. Mama mkunga alikuwa chini ya mwavuli mweusi wenye ubavu mmoja uliovunjika.

"Huyo ndiye aliyemkamata," mama alisema kwa sauti ya chini. Mlinzi alikuwa amesimama hatua hamsini mbele, kofia imeshuka machoni.

"Tembea tu, mama."

"Natembea. Nimekwenda kuzalisha wanawake, njia nzima ikiwa na matope. Huu ni mchanga."

Hatua thelathini. Ishirini. Mama Pacha aliinua filimbi, akaiweka midomoni. Mashavu yakajaa. Inspekta hakupunguza mwendo. Walipomfikia, aliwatazama wote wawili, akatazama mwavuli, kisha akatazama shati ambalo mama alikuwa bado amelibeba mkononi. Filimbi ilimdondoka midomoni, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Jua ni kali leo, mama," alisema. "Ushike mwavuli wako vizuri."

Wakapita.

Mawe ya chini ya mwamba yalikuwa na utelezi. Mama mkunga ndiye aliyemshika Inspekta mkono, wala si kinyume chake. Walipofika upande wa pili, mngurumo uliwajia kabla ya kitu kingine chochote.

Kighuba kilikuwa kimeliwa. Mahali pa ufuo palikuwa na shimo ambalo nyumba ingeingia, na ukingo wa juu ulikuwa umebomoka, mizizi ya miti inaning'inia hewani. Ndani ya shimo trekta lenye kijiko mbele lilikuwa linajaza tela. La pili lilikuwa limeshajaa, linangoja. Wanaume wanne walisawazisha mchanga kwa mabeleshi. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa ameketi mtu mmoja mwenye sare nyeupe iliyonyooshwa vizuri, buti zimelowa mpaka kwenye vifundo. Aligeuka, akamwona Inspekta, akatabasamu kwa mdomo wote.

"Inspekta! Karibu. Umekuja kuona ukarabati wa ufuo."

"Kibali cha ukarabati kiko wapi?"

"Kiko ofisini."

"Hata kikao ulichokwenda kiko ofisini. Ofisi yako ina mambo mengi leo."

Tabasamu lilipungua. Mkuu wa walinzi alimtazama mama mkunga, kisha mwavuli, akaupata ujasiri wake. "Hata hivyo nyinyi wawili mmeingia eneo lililofungwa. Na wewe, Inspekta, umevua viatu. Kutembea peku ni marufuku kwenye ufuo huu."

"Hiyo ilikuwa Jumanne," alisema Inspekta. "Leo ni miavuli. Umesahau ulichoandika mwenyewe asubuhi?"

Alifungua kiganja. Kijikaratasi kilikuwa humo, kimetandazwa. Mkuu wa walinzi alikitazama, akainuka kitini polepole.

Dereva wa trekta alizima injini. "Mimi sijui kitu," alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Mkuu alituambia filimbi ikilia tuzime mashine, tulale chini. Leo haikulia."

"Kimya wewe!" Mkuu wa walinzi aliruka, akakimbilia njia ya juu ya kighuba, buti zikimwaga maji. Hakufika mbali. Gari la polisi lilikuwa limesimama katikati ya njia ile nyembamba, na Koplo ameketi juu ya boneti lake amekunja mikono.

"Za mwizi arobaini, Mkuu," alisema. "Mimi nimehesabu tano tu za wiki hii, nyingine utatutajia mwenyewe."

Mama mkunga aliukunja mwavuli. Alishuka mpaka ukingoni mwa shimo, akalitazama kutoka upande mmoja hadi mwingine, akatikisa kichwa. "Na mume wangu," alisema, "walimfunga kwa kijiko kimoja."

Mahakama ilikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi magumu na feni moja. Saa nane kamili karani aliita shauri. Fundi saa alisimama kizimbani akiwa amevaa shati safi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Hakimu, mtu mwembamba asiyeinua sauti, alisoma shtaka bila kunyanyua macho.

"Unakubali au unakana?"

Mzee alimtafuta mkewe kwa macho. Mama alikuwa benchi la mbele, kati ya Inspekta na Mama Pacha, gauni limelowa chumvi mpaka magotini. Alimwinamishia mumewe kichwa mara moja tu.

"Nakana, Mheshimiwa," alisema fundi saa. Sauti yake ilijaza ukumbi.

Mwendesha mashtaka aliinuka, akaanza kupekua jalada. Alikuwa amesikia habari za kighuba dakika kumi tu kabla, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Kanuni inayokataza kuchukua mchanga ni ipi?" hakimu aliuliza.

"Ilitolewa jana asubuhi, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mkuu wa walinzi wa ufuo."

"Yuko wapi nimsikie?"

"Yuko... yuko mahabusu, Mheshimiwa. Tangu saa sita kasorobo."

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Aliitoa kwa njia gani kanuni hiyo?"

"Kwa maandishi."

"Yalibandikwa wapi, ili mgeni ayasome?"

Mwendesha mashtaka alitazama jalada. Hakupata msaada humo. "Ndani ya kofia ya mlinzi, Mheshimiwa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Karani aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Walipotulia, Inspekta aliitwa, akaweka mbele ya hakimu vijikaratasi vitano, mchoro wake wenye alama kumi na nne, kalenda ya maji, picha za kighuba na maelezo ya dereva wa trekta kuhusu wajenzi walionunua mchanga. Alieleza kwa mpangilio, bila kuongeza neno: filimbi kwanza, karatasi baadaye, kosa mwisho. Kisha akasimama Mama Pacha, akaeleza alichokuwa akikifanya na alichokiacha asubuhi ile. Hakumtupia mtu mwingine sehemu yake. Alipomaliza alimgeukia fundi saa palepale kizimbani.

"Nisamehe, baba."

"Ulinifunga kwa adabu," alijibu mzee. "Nimekusamehe tangu jana."

Hakimu alisoma vijikaratasi vyote, kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma.

"Kanuni isiyosomeka na mtu anayetakiwa kuifuata si kanuni," alisema. "Ni mtego. Shauri limefutwa. Mshtakiwa ni huru, na kumbukumbu zioneshe kwamba hakuiba kitu. Hati zote kumi na nne zimefutwa. Pasipoti zote zirudishwe kwa wenyewe leo, mkononi, na anayezirudisha aombe radhi kwa jina la ufuo ule. Ufuo wote uko wazi, na kanuni ni zile sita za ubaoni mpaka baraza liandike nyingine na kuzitundika hadharani. Shauri la mkuu wa walinzi nitalisikiliza Jumatatu, na wasimamizi wa ujenzi ulionunua mchanga ule waje nao."

Mkuu wa kituo alikuwa ameingia na kusimama mlangoni, kofia mkononi. Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika arobaini.

"Nimepitiliza, bwana mkubwa," alimwambia.

"Sikuwa nimetazama saa," alisema mkuu wa kituo.

Fundi saa alishuka kizimbani. Alifika kwa mkewe, akasimama, hajui afanye nini na mikono yake. Mama mkunga alimkagua juu mpaka chini kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, akaridhika kwamba viungo vyote vipo. Kisha akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu kilichopanda mpaka kwenye feni.

"Kimya mahakamani!" alifoka karani.

"Mama," alisema hakimu kwa upole, "vigelegele haviruhusiwi humu ndani."

Mama alifunika mdomo. Kisha akaushusha mkono polepole. "Samahani sana, Mheshimiwa. Imeandikwa wapi?"

Hakimu alimtazama karani. Karani aligeuka kutazama tangazo lililobandikwa ukutani, akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Zima simu. Usile. Usilale. Vaa kwa heshima. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Haimo, Mheshimiwa," alisema.

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la joho, akaegemea kiti.

"Basi endelea, mama."

Na mama akaendelea. Mama Pacha akakidaka, akina mama wa mabenchi ya nyuma waliokuja kwa mashauri yao wenyewe wakakidaka kutoka kwake, mpaka Koplo akaziba masikio huku anacheka, na fundi saa akasimama katikati yao wote, wima, shati limefungwa mpaka shingoni, analia bila kujificha. Hakimu hakuita shauri lililofuata. Alikunja mikono juu ya meza, akawasubiri wamalize.